Asaimenti za fedha nilifanyiwa na kijana wa ofisini, sasa mwalimu ananiita

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 43, nina mume na watoto watatu. Ni mkuu wa uendeshaji katika kampuni ya malori hapa Dar es Salaam. Tunatoa mizigo bandarini, tunaipeleka Zambia na Lubumbashi, na tukipata bahati tunarudi na shaba. Nilianza pale mwaka 2004 nikiwa mpanga hati za mizigo. Leo madereva zaidi ya sitini wako chini yangu, na simu ya usiku wa manane kutoka mpakani, Tunduma au Kasumbalesa, ni ya kwangu.

Mwaka jana mkurugenzi aliniita akaniambia ananiandaa kuwa meneja mkuu, ila anataka kwanza niwe na shahada ya uzamili ya biashara. Kampuni inalipa nusu ya ada, nusu ninakatwa kwenye mshahara. Nikajiunga na programu ya watu walio kazini: Ijumaa saa kumi na moja jioni mpaka saa tatu usiku, Jumamosi kutwa. Muhula wa kwanza ulikwenda vizuri. Uongozi, masoko, usimamizi wa watu, hayo yote nilikuwa nayaishi, nikawa nachangia darasani mpaka wenzangu wakaniita Mama Malori.

Muhula wa pili ukaja na usimamizi wa fedha. Shangazi, hesabu niliachana nazo kidato cha nne, na hata wakati ule zilinitesa. Darasa letu limejaa watu wa benki na wakaguzi wa hesabu, wengi wao wadogo kwangu kwa miaka kumi. Mwalimu akiuliza "tuko pamoja?" wanaitikia, nami naitikia.

Asaimenti ya kwanza ilinikuta na ajali. Lori letu lilianguka Mlima Kitonga, dereva yuko hospitali, na kazi inatakiwa Jumapili kabla ya saa sita usiku. Nikamwomba kijana wetu wa uhasibu, ana miaka 26, anisaidie kupanga jedwali tu. Akaifanya yote. Nikapata 9 kati ya 10. Ya pili hakukuwa na ajali wala dharura yoyote, nilimtumia tu. Nikapata 8 na nusu. Nilimpa shilingi laki moja, akaikataa, nikamlazimisha akaichukua. Ni kijana mzuri, mwenyewe anasomea mitihani ya bodi ya wahasibu, ingawa kipindi kilichopita hakuingia karatasi mbili, alisema hakuwa amejiandaa.

Likaja jaribio la darasani, hakuna simu, hakuna mtu wa kumtumia. Nikapata 3 kati ya 10. Juu ya karatasi mwalimu ameandika kwa kalamu nyekundu: "Tafadhali tuonane." Hii ni wiki ya tatu. Nakaa nyuma karibu na mlango, na kipindi kikikaribia kwisha natoka kana kwamba nimepigiwa simu.

Kibaya zaidi, wenzangu wa kikundi waliziona zile alama zangu za asaimenti. Tuko watano, tumeichukua kampuni yangu iwe mfano wa kazi ya kikundi, na sehemu ya fedha wamenipa mimi wakisema ndiye fundi. Juzi nikamtumia yule kijana mafaili. Jana kanijibu: "Sawa mama. Hii nayo inatakiwa lini?" Sijamjibu.

Asaimenti mbili, jaribio na kazi ya kikundi, kila kimoja kina alama 10. Mtihani una 60, na uko wiki saba mbele. Mwenzangu mmoja anasema nimwache kijana, nitumie programu ya akili unde, inamaliza kila kitu kwa dakika tano. Mume wangu anasema niahirishe mwaka. Mimi usiku nawaza kuacha kabisa, nimwambie mkurugenzi afya imenishinda. Nisaidie, maji yamenifika shingoni.

Mama Malori, Dar es Salaam


Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimesimama palepale: kijana hakuingia karatasi mbili. Umeliandika kwa kulipitia, katikati ya kumsifu, kisha ukaendelea na jaribio lako. Hebu ziweke tarehe mezani. Asaimenti zako zilikuwa lini, na mitihani yake ilikuwa lini? Huenda havihusiani kabisa. Lakini mtu anayesomea bodi huku anafanya kazi ya kutwa hana muda mwingine zaidi ya usiku na Jumapili, na wewe ulimwomba Jumapili.

Unasema aliikataa laki moja ukamlazimisha. Mwanangu, kazi hakuweza kuikataa na fedha hakuweza kuikataa, kwa sababu ileile. Wewe ni mkubwa wake. Akisema hapana leo, kesho atajiuliza nani atamtaja vizuri kwenye kikao cha mishahara. Rudia kusoma jibu lake la jana. Hakusema "hii", alisema "hii nayo". Huyo ni mtu aliyechoka na bado ana adabu.

Mjibu leo. Mwambie aachane na yale mafaili, kazi ni yako, na hutamtumia nyingine. Kisha wiki hii mkae, umwombe radhi kwa maneno yanayotaja kosa: nilikupa kazi yangu ya shule kwa sababu nilijua huwezi kunikatalia. Wengi wetu wenye umri na vyeo tunapenda kuomba radhi kwa kumnunulia mtu chakula cha mchana. Wewe sema. Zungumza na mhasibu mkuu kijana apewe siku za kujisomea kabla ya mitihani ijayo. Kumlipia zile karatasi mbili ni jambo jema, ila mlipie baada ya kuwa umeshakwenda kwa mwalimu, ili hiyo fedha isije ikaonekana, kwake au kwako, kuwa ni bei ya kunyamaza.

Sasa tuje kwenye fedha, na hapa nataka tukae.

Mimi nilikaa kitengo cha mikopo cha benki miaka mingi kabla ya kuanza kujibu barua hizi, na darasa la aina yako niliingia nikiwa na miaka 46. Kampuni za malori zilikuja mezani kwangu kwa makumi. Zilizoanguka karibu zote zilianguka zikiwa na mizigo. Malori yako barabarani, wateja wapo, oda zimejaa, na mwenye kampuni ameketi mbele yangu hana fedha ya dizeli. Vitabu vyake vinaonyesha faida, naye haelewi kwa nini. Asubuhi moja niliona mzee mzima analia kwa ajili hiyo. Kwa hiyo ninapokwambia usilipite somo hili kwa kubebwa, sizungumzii cheti.

Wewe unaamini hujui fedha. Nina hakika unajua kwamba mteja mkubwa analipa baada ya miezi miwili au zaidi, na kituo cha mafuta kinataka chake lori likiwa bado uwanjani. Unajua dereva hatoki bila posho ya njiani, na mpakani hakuna anayekusubiri ulipwe kwanza. Hilo ndilo darasani linaitwa mzunguko wa mtaji wa kuendeshea biashara. Chukua namba za mfano. Kampuni inauza huduma ya milioni 300 kwa mwezi, na wateja wanalipa baada ya siku 75. Siku 75 ni miezi miwili na nusu, kwa hiyo wakati wowote ule milioni 750 za kampuni ziko mifukoni mwa watu wengine. Mkiwashawishi wateja walipe siku ya 60, milioni 150 zinarudi nyumbani bila kuongeza lori hata moja. Na kila wiki ambayo ankara inachelewa kutoka kwa sababu hati za kupokelea mzigo hazijafika kutoka Lubumbashi, ni milioni 70 zaidi zimelala. Nani anazijua hati hizo kuliko wewe? Mwaka 2004 ndiyo iliyokuwa kazi yako.

Watu wa benki walio darasani kwako wanaijua kanuni. Hawajui kwamba hati hukaa kwenye kabati la lori mpaka dereva arudi, wakati ingeweza kupigwa picha siku hiyohiyo. Hilo la hati lingekuwa asaimenti ya 9 iliyo yako kweli.

Lile lililokuangusha kwenye jaribio, nakisia, ni thamani ya sasa ya fedha za kesho. Huwa ndilo linalotutisha, mimi pia lilinitisha. Basi tulifanye kwa lori. Chukua kalamu.

Tuseme lori lililotumika pamoja na trela lake ni milioni 180. Litafanya safari 12 kwa mwaka, na kila safari, baada ya dizeli, posho, tairi na ushuru wote, inabakiza milioni 5. Hiyo ni milioni 60 kwa mwaka. Utalitumia miaka minne, kisha utaliuza milioni 40. Ukijumlisha kawaida unapata milioni 280, unatoa 180, unaona faida ya milioni 100. Hivyo ndivyo wengi wanavyonunua malori.

Ila fedha ya kampuni ina gharama yake. Tuseme ni asilimia 16 kwa mwaka, iwe ni riba ya benki au ni kile ambacho mwenye mtaji angekipata kwingine. Maana yake milioni 116 za mwaka ujao zina thamani ya milioni 100 leo. Kwa hiyo milioni 60 za mwaka wa kwanza unazigawa kwa 1.16, unapata 51.7. Za mwaka wa pili unazigawa kwa 1.16 mara mbili, unapata 44.6. Za tatu ni 38.4, za nne ni 33.1. Zile 40 za kuuzia lori, kwa kuwa nazo zinakuja mwaka wa nne, ni 22.1 tu leo. Jumlisha: milioni 190, kasoro kidogo. Toa 180. Faida yako kwa thamani ya leo ni karibu milioni 10. Zile 90 nyingine umezilipia kwa kusubiri.

Sasa usiweke kalamu chini, kwa sababu utamu uko hapa. Badilisha jambo moja tu: fanya safari 11 badala ya 12. Mapato ya mwaka yanakuwa milioni 55. Rudia mgawanyo uleule, utapata jumla ya kama milioni 176. Toa 180. Umeingia hasara ya milioni 4. Safari moja kwa mwaka, mwanangu, foleni moja mbaya ya Kasumbalesa au gia moja iliyokufa Mbeya, ndiyo inayotenganisha lori la kununua na lori la kuacha.

Ni nani kwenye lile darasa anayejua kama safari 12 kwa mwaka zinawezekana? Mkaguzi wa hesabu hajui. Mwalimu hajui. Kijana wa uhasibu anaona risiti zikisharudi. Wewe ndiye unayejua kwamba mwezi wa mvua kubwa safari hazitimii, na kwamba dereva fulani ana safari 13 na mwingine 10 kwa lori lilelile. Kanuni ni ya kugawa tu, unaifanya kwa kikokotoo cha simu. Namba inayoingizwa kwenye kanuni ndiyo ngumu, na hiyo unayo kichwani kwa miaka yote hii. Mkurugenzi wako nadhani amelitambua hilo, ndiyo maana amekuchagua wewe akamwacha mhasibu.

Hapohapo jibu na swali la uchakavu, maana wanalipenda kwenye mitihani. Lori lililonunuliwa 180 na kuuzwa 40 limepoteza 140 kwa miaka minne, yaani 35 kila mwaka. Vitabu vitatoa hizo 35 na kuonyesha faida ya 25, ilhali fedha iliyoingia ni 60. Hakuna aliyechukua hizo 35 mfukoni, zilishatoka siku mliponunua. Kwenye hesabu ya thamani ya sasa usizitoe mara ya pili. Nimeona watu wenye vyeo wakizitoa.

Programu kama yako zina historia inayokuhusu. Chuo Kikuu cha Chicago ndicho kilichoanzisha ya kwanza mwaka 1943, kwa ajili ya watu ambao tayari wana miaka kazini na hawawezi kuziacha kazi zao. Tangu mwanzo darasa lilitegemea kile ambacho mwanafunzi anakuja nacho. Na ile namna ya kufundisha kwa visa, mnapopewa mkasa wa kampuni mkabishana, ilishika mizizi Harvard miaka ya 1920 chini ya mkuu wa shule yao ya biashara aliyesomea sheria, Wallace Donham. Aliichukua kutoka shule ya sheria, ambako mwanafunzi anasimama mbele ya wenzake na kuitetea hukumu yake. Asaimenti ni sehemu ya jambo hilohilo. Unapewa nafasi ya kununua lori vibaya kwenye karatasi, ukapata 4 kati ya 10, na asubuhi hakuna mtu aliyekosa mshahara. Ukishakuwa meneja mkuu nafasi hiyo hutaipata tena.

Kuhusu akili unde. Ukiiuliza itakufanyia ile hesabu ya lori vizuri tu, na itaandika safari 12 bila kusita kwa sababu wewe umeandika 12. Haitakuuliza kuhusu mvua. Na kwenye chumba cha mtihani haipo, kama kijana asivyokuwepo. Kama kanuni za chuo chako zinaruhusu, itumie baada ya kuwa umefanya kwa mkono: mwambie ikutungie maswali kumi ya aina hiyo, ufanye, kisha ulinganishe. Ila mafaili ya kampuni usiyaweke humo. Na hapo nina neno jingine: je, mkurugenzi ameruhusu hesabu za kampuni yake zitumike darasani? Kati ya wenzako huenda yumo anayefanya kazi kwa mshindani au kwa mteja wenu, na bei zenu za mkataba ziko kwenye hayo mafaili. Omba ruhusa kwa maandishi. Halafu ficha majina ya wateja na uzidishe namba zote za fedha kwa kiasi kimoja unachokijua wewe peke yako. Uwiano utabaki uleule, kazi ya kikundi itasimama, na siri ya kampuni itakaa nyumbani.

Kikundi waambie Jumamosi. Sentensi mbili zinatosha: zile alama hazikuwa zangu, sehemu ya fedha nitaifanya ila nahitaji mmoja wenu akae nami. Yule wa benki akikupa saa moja ya kanuni, mpe saa moja ya mpakani. Atafaidika zaidi yako.

Mume wako amesema uahirishe, na ninaelewa anakuonea huruma. Mimi nasema bado. Una wiki saba. Ukipata saa moja kila alfajiri kwa siku tano za wiki, ni saa 35. Kwa somo moja ambalo malighafi yake unaijua, hizo zinatosha kukutoa kwenye 3. Tafuta mitihani ya miaka iliyopita, uifanye kwa kalamu na kikokotoo, usiifanye kwenye Excel, maana mtihani hautakupa Excel. Mwisho wa wiki ya nne chukua mtihani mmoja mzima, jipe muda uleule wa chumba cha mtihani, mpe mwenzako wa benki asahihishe. Ukishindwa kufika nusu, basi ahirisha, kwa barua na kwa ruhusa, kabla ya tarehe ya mwisho ya chuo. Kutotokea tu siku ya mtihani ni jambo jingine kabisa, usilijaribu.

Na hizo alfajiri utazipataje ikiwa usiku unaamshwa na Tunduma? Simu ya usiku mpe msaidizi wako siku tatu kwa wiki, kuanzia wiki hii. Atakosea mara moja au mbili. Unaandaliwa kuwa meneja mkuu, na ukikipata cheo hicho simu hiyo itabidi uiache, hivyo anza kumfundisha sasa.

Ule uongo wa afya ufute kichwani. Mkurugenzi amelipa nusu ya ada, ana haki ya kujua unaendeleaje. Mwambie ukweli uliopo: fedha imekuwa ngumu, nimeanza vibaya, nimebadilisha namna ya kusoma, nahitaji Ijumaa nitoke saa tisa. Ukishamwambia unaumwa, utaumwa kila akikuuliza, na siku ukitaka kurudi darasani utahitaji uongo wa pili.

Nimelibakiza la mwalimu, nalo ndilo la kwanza kufanya.

Anajua. Mtu mwenye 9, kisha 8 na nusu, kisha 3, hahitaji upelelezi. Angeweza kupeleka karatasi zako juu moja kwa moja. Alichofanya ni kuandika "tafadhali" na kusubiri wiki tatu. Subira hiyo ina mwisho, na mambo yatakuwa mengine kabisa siku atakapokuita kwa barua ya chuo.

Sitakuficha gharama. Zile asaimenti mbili zinaweza kufutwa. Zikifutwa unabaki na 3 za jaribio, na kikundi kikikupa 7 una 10 mkononi. Kama chuo chako kinataka 50 ili ufaulu, utahitaji 40 kati ya 60 kwenye mtihani, jambo gumu lakini si la miujiza. Adhabu inaweza kuwa kubwa kuliko hiyo: kurudia somo, kuitwa kwenye kikao cha nidhamu, hata kusimamishwa. Soma kanuni za programu yako kabla hujaingia kwake, ujue unasimama wapi. Bado nasema nenda. Siku moja utakaa kwenye kiti cha meneja mkuu, uletewe mkopo wa malori kumi utie saini, na anayekuletea ni yuleyule kijana, anayejua ni nani aliyeisoma fedha kati yenu wawili. Wa kukuonyesha kosa lililomo kwenye hiyo hesabu ni yeye, na wewe ulishamfundisha kwamba kwako jibu ni "sawa mama".

Jina lake usilitaje kwa kujikinga. Ukiulizwa ni nani, sema ni mtu aliye chini yangu kazini, nilimtuma, hakuwa na namna ya kukataa. Mweleze na yeye mapema kwamba unakwenda, asije akalisikia kwa watu.

Kipindi ni Ijumaa saa kumi na moja. Fika saa kumi na nusu. Lori la Kitonga usilianze, asaimenti ya pili haikuwa na lori. Mwambie: "Mwalimu, zile asaimenti mbili sikuzifanya mimi. Jaribio nililifanya mimi. Nataka kulisoma somo hili, naomba unielekeze chuo kinataka nifanye nini." Kisha mpe karatasi ya hesabu ya lori, safari 12 na safari 11, iliyoandikwa kwa mkono wako, na namba ziwe za njia yenu, usimpelekee za kwangu. Kama ina makosa, mpe hivyohivyo.

Shangazi